Reli ya mtumba, taa ya mtumba: kuwasha Ndia Kuu ya mwaka 1907

Wasomaji wangu, leo naomba mniwie radhi. Niliahidi kumalizia ile makala ya hifadhidata, lakini miezi mitatu hii kila nikitoka kazini nakaa kwenye meza moja iliyo chumbani kwangu hapa Bondeni, na kichwa changu kizima kimebaki huko. Basi leo tuzungumze juu ya meza hiyo.

Meza ina urefu wa mita moja na nusu na upana wa sentimita 60. Juu yake nimejenga kipande kidogo cha Mombasa ya zamani: kona moja ya Ngome ya Yesu, mwanzo wa Ndia Kuu, nyumba tisa zenye roshani za mbao, na reli nyembamba inayopita katikati ya barabara. (Kwa wasiotoka pwani: "ndia" ni "njia" kwa Kimvita.) Kila kitu kimepunguzwa mara 76, kwa hiyo meza yangu ni kama mita 114 za mji. Ndiyo, kuna watu wazima duniani wanaocheza na treni ndogo, na mimi sasa ni mmoja wao.

Kujenga nyumba hakukunipa shida. Nilifikiri taa ndizo zitakuwa rahisi kabisa, maana nimesoma sayansi ya kompyuta na saketi ndogo nilizifanya chuoni. Kumbe taa ndizo zilizonifundisha historia, na zilinifundisha kwa kunikosoa. Tuanze na reli, kisha tutafika kwenye taa.

Reli iliyokuwa katikati ya barabara

Watu wengi wakisikia "reli" na "Mombasa" huwaza moja kwa moja ile Reli ya Uganda iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Lakini kulikuwa na reli kabla ya hiyo. Kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Imperial British East Africa Company, iliyopata hati yake ya kifalme mwaka 1888, ilianza mwaka 1890 kutandika reli ndogo yenye upana wa futi mbili tu, yaani sentimita 61. Waliipa jina kubwa sana: Central African Railway. Jina lilikuwa refu kuliko reli yenyewe! Ilikwenda maili chache, fedha zikakauka, mradi ukafa. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua nchi kutoka mikononi mwa kampuni.

Sasa chuma kipo, kimelipiwa, na hakina kazi. Kifanyiwe nini? Kikang'olewa na kutandikwa kisiwani, kutoka Government Square huku Mji wa Kale mpaka Kilindini. Haikuwekwa injini. Juu yake zilipita trole: benchi lenye paa la turubai, magurudumu manne ya chuma, abiria wameketi mbele na vijana nyuma wanasukuma kwa mikono na kukimbia. Maofisa na matajiri walikuwa na trole zao binafsi kama leo mtu alivyo na gari lake. Njia ilikuwa moja, kwa hiyo trole mbili zikikutana, moja ilibidi ipishe. Ukiangalia postikadi za zamani za Ndia Kuu, ambayo Waingereza waliiita Vasco da Gama Street, utaziona reli hizo zimelala katikati ya barabara kama mistari miwili kwenye daftari. Trole zilidumu hadi miaka ya 1920, magari ya petroli yalipozifukuza.

Kwa hiyo usafiri wa kwanza wa reli ndani ya kisiwa chetu ulikuwa mtumba. Chuma cha mradi ulioshindwa kikapewa maisha ya pili. Shikeni neno hilo, mtumba, kwa sababu litarudi.

Kwa mafundi wenzangu wa meza: upana wa sentimita 61 ukigawanya kwa 76 unapata milimita 8. Hakuna anayeuza reli ya milimita 8, lakini ya milimita 9 imejaa sokoni na wanaojenga reli za futi mbili kwa kipimo hiki huitumia. Kosa ni milimita moja. Mimi nimelisamehe.

Taa kumi na nne za aibu

Reli ilipokamilika nikataka mandhari ya usiku. Nikaagiza taa za LED nyeupe, za milimita 5, na nguzo kumi na nne. Nikazipanga kando ya Ndia Kuu kutoka ngomeni hadi mwisho wa meza, nikaunganisha waya chini, nikawasha. Ikang'aa kweli kweli! Nikapiga picha, nikawatumia marafiki, wakanisifu.

Kisha nikamwita babu.

Niwaeleze kidogo juu ya babu yangu. Alifanya kazi ya reli maisha yake yote, kwanza chini ya shirika la reli la Afrika Mashariki mpaka jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kisha reli ya Kenya. Kazi yake ya kwanza akiwa kijana ilikuwa taa. Kwenye stesheni ndogo za bara, zile alama za mkono zinazomwambia dereva asimame au apite zilikuwa na taa ya mafuta nyuma ya kioo chekundu na cha kijani. Jioni babu alipanda ngazi na kopo la mafuta, akasafisha chemni, akakata utambi, akawasha, akashuka. Alifajiri akapanda tena kuzima. Taa moja ikizimika usiku, treni nzima ina hatari.

Sasa macho yake yanakwisha. Ni presha ya macho, na daktari alisema kilichopotea hakirudi, tunaweza tu kuchelewesha kilichobaki. Mchana anaona vivuli. Usiku anaona taa. Nilipoanza meza hii sikumwambia mtu, lakini nilikuwa naijenga kwa ajili yake, na nilikuwa napiga mbio.

Basi akaja, akaketi, nikawasha. Akainamisha uso karibu na meza, akanyamaza muda mrefu.

"Hii ni Mombasa ya lini?" akauliza.

"Ya zamani babu, ya trole. Kama mwaka 1907 hivi."

"Na hizi taa nyeupe nazo ni za lini?"

Nikakosa jibu. Akacheka, akasema, "Mwanangu, wewe umejenga Ndia Kuu, kisha umeimulika kwa taa za uwanja wa mpira."

Umeme ulifika lini?

Usiku ule nikaanza kusoma, na hapa ndipo niliposhangaa.

Historia ambayo kampuni ya umeme ya Kenya huieleza juu ya asili yake haianzii Nairobi wala Mombasa. Inaanzia Unguja. Inasema kwamba mwaka 1875 Sultani Barghash bin Said alipata jenereta ya kuwashia kasri lake na mitaa ya karibu. Kumbukeni kwamba balbu ya Edison ilionyeshwa kwa watu mwaka 1879. Barghash alipenda mitambo mipya, na Beit al-Ajaib aliyoijenga mwaka 1883 iliitwa jumba la maajabu kwa sababu hiyo hiyo, maana ilikuwa na umeme na lifti.

Mwaka huo huo wa 1875 una habari nyingine, na hii ni ya ngome yetu. Ofisa aliyekuwa akiishika Ngome ya Yesu, al-Akida, alimwasi Sultani. Mwezi Januari manowari za Kiingereza zikaja zikaipiga ngome kwa mizinga mpaka akasalimu amri. Yaani katika mwaka mmoja, jina la Barghash linahusishwa na mwanga mpya Unguja na moto wa mizinga Mombasa. Ndivyo nguvu zilivyogawanywa pwani: umeme kwa kasri, mizinga kwa ngome.

Mombasa ilisubiri. Ilipofika mwaka 1908, mfanyabiashara wa Mombasa aliyeitwa Harrali Esmailjee Jeevanjee akainunua ile jenereta ya Unguja na kuihamishia kisiwani kwetu, na hapo ikazaliwa kampuni ya umeme na taa ya Mombasa. Mwaka huo huo mhandisi Clement Hertzel akapewa haki ya kusambaza umeme Nairobi. Mwaka 1922 kampuni hizo mbili zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina kuwa Kenya Power and Lighting Company.

Mmeona? Tukifuata hesabu hiyo, mtambo wa kwanza wa umeme wa Mombasa ulikuwa na miaka 33 ulipofika. Ulikuwa mtumba! Reli ya barabarani ilitoka kwenye mradi uliokufa, na taa za umeme zilitoka kwenye mtambo uliokuwa wa kasri la mtu mwingine. Hata ngome yenyewe, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, ikachukuliwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, wakati wa trole ilikuwa inatumika kwa kazi nyingine kabisa. Waingereza waliifanya jela kuanzia mwaka 1895 mpaka 1958. Makumbusho imekuwa baadaye.

Sisemi haya kwa kudharau. Ninayeandika haya nimejifunza kuandika programu kwenye kompyuta ya mtumba iliyokuja ndani ya kontena, ikiwa na kibandiko cha ofisi fulani ya Ulaya bado kimegandia pembeni. Nasema tu kwamba teknolojia nyingi zilitufikia hivyo, na kazi ya watu wa hapa ilikuwa kuzifanya zizae upya.

Lakini rudi kwenye meza. Mimi nilichagua mwaka 1907. Jenereta ilikuja 1908. Kwa hiyo nguzo zangu kumi na nne zilikuwa uongo wa mwaka mzima, na taa za LED nyeupe zilikuwa uongo wa karibu karne nzima. Nikazing'oa zote usiku ule ule.

Kuchagua taa kwa kuuliza: nini kinaungua?

Kuanzia hapo nikajiwekea swali moja kabla ya kugusa waya: katika taa hii, ni kitu gani kinachoungua? Swali hilo linajibu karibu kila kitu.

Kwanza, rangi. Mwanga hupimwa kwa kelvini. Fikiria chuma kwenye tanuru la mhunzi: kikianza kupata moto ni chekundu, kikizidi kinakuwa cha manjano, kikizidi tena kinaelekea weupe. Mshumaa na taa ya mafuta ziko karibu na kelvini 1900. Balbu za kwanza za umeme, zenye uzi wa kaboni, zilikuwa juu kidogo, kama 2100. LED inayouzwa kwa jina la "nyeupe ya joto" ni 2700 hadi 3000. LED nyeupe ya kawaida hupita 6000. Kwa hiyo hata ile ya joto ni nyeupe mno kwa kandili ya mwaka 1907.

Sababu iko kwenye historia ya LED zenyewe. Nick Holonyak alitengeneza LED nyekundu inayoonekana kwa macho mwaka 1962. Ilichukua miaka thelathini zaidi kupata ya buluu inayong'aa vizuri, kazi iliyowapa Wajapani watatu wa kuzaliwa, Akasaki, Amano na Nakamura, tuzo ya Nobel mwaka 2014. Na LED nyeupe unayoijua ni ya buluu iliyovalishwa kanzu ya unga wa manjano. Ukiwa na jicho kali utaona buluu ikichungulia.

Je, tutumie LED ya manjano? Nilijaribu. Usifanye hivyo. LED ya manjano hutoa rangi moja tu, na kila kitu chini yake hufa: roshani ya kahawia, kanga nyekundu, chokaa ya ukuta, vyote vinakuwa kijivu. Moto wa mafuta una manjano mengi, lakini una rangi nyingine zote ndani yake. Dawa yangu ikawa kuchukua LED nyeupe ya joto na kuipaka rangi ya kucha ya machungwa inayopitisha mwanga, mipako miwili. Dada yangu bado anaitafuta chupa yake. Dada, kama unasoma hapa, nitakununulia nyingine.

Pili, ukubwa. Milimita 5 mara 76 ni sentimita 38. Yaani nilikuwa nimetundika barabarani taa zenye ukubwa wa ndoo! Kandili ya kubebwa mkononi ina urefu wa kama sentimita 30, na kwa kipimo changu ni chini kidogo ya milimita 4, kandili nzima. Ndani yake inaingia LED ile ndogo kabisa ya kubandika inayoitwa 0402, yenye milimita moja kwa nusu milimita. Kwa madirisha nilitumia 0603, yenye milimita 1.6 kwa 0.8, kwa sababu huko taa yenyewe haionekani, unaona tu mwanga ukutani. Nunua zilizokwisha kulehemiwa nyaya nyembamba. Mimi nililehemu tatu kwa mkono, na mbili ziliruka sakafuni, hazijaonekana hadi leo.

Zamani wenye treni ndogo walitumia vibalbu vinavyoitwa punje ya ngano na punje ya mchele kwa jinsi vilivyo vidogo. Rangi yake ni nzuri, maana kuna uzi unaoungua kweli. Lakini kimoja cha volti 12 hula kama miliampea 50 au 60, hupata moto, na siku moja hukatika kikiwa ndani ya nyumba uliyokwisha gundisha paa.

Tatu, aina ya taa. Karabai, ile taa ya kupampu yenye mwanga mkali, wengi tunaihesabu kuwa ya zamani sana. Lakini Petromax ya Wajerumani ilianza kutengenezwa karibu mwaka 1910. Kwa hiyo kwenye meza ya mwaka 1907 haipo. Zilizobaki ni kandili, taa za chemni ndani ya nyumba, na koroboi, kile kibati chenye utambi. Na koroboi ni nini kama si mtumba? Kopo lililokwisha kazi yake, likapewa utambi na kazi mpya.

Nguvu: hesabu ndogo isiyosamehe

Sasa kuziwasha. Nianze na kukiri: LED yangu ya kwanza niliiunganisha moja kwa moja kwenye volti 12. Iliwaka kwa kiasi cha mtu kusema "loo", ikatoa harufu, ikafa. LED haijui kujizuia. Ukiipa njia itakunywa mpaka ife, kwa hiyo lazima uiwekee rezista ya kuizuia.

Hesabu ni hii: chukua volti za chanzo, toa volti za LED, gawanya kwa mkondo unaoutaka. Mimi niliamua kutumia volti 5, kwa sababu nyumbani kuna chaja kuukuu za simu nyingi kuliko vijiko. LED nyeupe inahitaji kama volti 3. Zinabaki 2. Nikitaka miliampea 2, yaani ampea 0.002, nagawanya 2 kwa 0.002, napata omu 1000. Kila LED iwe na rezista yake, na zote ziwe sambamba, ili moja ikifa nyingine zibaki hai. Nina taa kumi na moja, jumla ni miliampea 22. Hizo punje za ngano kumi na moja zingekula zaidi ya 550.

Kisha nikaja na wazo kwamba babu aweze kuibeba meza sebuleni bila waya wa ukutani. Nikaweka pawabanki ya simu. Taa zikawaka, sekunde chache zikazima. Nikabonyeza, zikawaka, zikazima tena. Nililaumu waya, nikalaumu kulehemu kwangu, nikapima kila kiungo hadi saa nane usiku. Kosa halikuwa kwenye saketi. Pawabanki nyingi zimeundwa kujizima zikiona mkondo ni mdogo mno, kwa sababu hudhani simu imeshajaa. Taa zangu zilikula kidogo hata chombo kikaamini hakuna mtu! Suluhisho likawa betri nne za kuchaji za AA, jumla volti 4.8. Zikiwa na miliampea-saa 2000, kwa miliampea 22 zinakaa saa 90.

Na bado sikutosheka. Mimi ni mwandishi wa programu, nyundo yangu ni msimbo. Nikachukua Arduino, nikaandika programu ya kufanya kila kandili ichezecheze kama moto, kila moja kwa mwendo wake, kwa namba za kubahatisha. Mistari 64. Niliipenda sana. Nikamwita babu tena.

"Hizi rangi ni sawa," akasema. Nikafurahi. Kisha akauliza, "Lakini mbona zatetemeka? Zaogopa nini?"

"Ni moto babu. Moto unacheza."

"Moto wa mtu asiyejua kazi ndio wacheza. Utambi ukiukata sawa, chemni ukaisafisha, mafuta yakawa safi, taa yatulia kama mwezi. Mimi ningewasha taa ya kucheza, ningefukuzwa kazi."

Nikaenda nikaifuta ile programu. Mistari 64 yote. Nimeandika msimbo kwa miaka mingi sasa, na sikumbuki kufuta kitu kilichokuwa sahihi zaidi kwa kufutwa. Filamu ndizo zilizonifundisha kwamba taa ya zamani hutetemeka. Mtu aliyeziwasha kila jioni anajua kwamba kazi yenyewe ilikuwa kuzituliza.

Giza

Likabaki tatizo moja, na lilikuwa zito kuliko yote. Miliampea 2 zilikuwa bado kali. Mlango wa ngome ulimulika mpaka upande wa pili wa barabara, na kandili moja haiwezi kufanya hivyo. Nikapunguza hadi nusu miliampea, kwa rezista za omu 4700, maana kwa mkondo mdogo hivyo LED hushuka hadi kama volti 2.7. Sasa picha ikawa ya kweli: kandili moja kwa askari wa zamu mlangoni, mbili mikononi mwa wapita njia, madirisha saba, na koroboi moja kwa muuza kahawa. Kati yao giza tupu.

Lakini je, babu angeziona? Nilikaa na rezista mkononi nikifikiri. Nikiwasha kwa nguvu, ataona, lakini ataona uongo, naye ndiye mtu wa mwisho ninayemjua ambaye hawezi kudanganywa kwa taa. Nikiwasha kwa kweli, huenda asione kitu kabisa. Na kila mwezi nafasi inapungua.

Nilichokuwa nimesahau ni kwamba nilikuwa nazipima taa zangu chini ya taa ya chumba. Mwaka 1907 hakukuwa na taa ya chumba. Wale watu hawakuwa na mwanga mwingi, lakini walikuwa na giza la kutosha, na ndilo lililofanya kandili moja ionekane kutoka mbali.

Ijumaa baada ya isha tukafunga madirisha, tukashusha mapazia, tukazima taa ya ukumbi, tukaziba hata kile kitaa chekundu cha televisheni kwa kitambaa. Tukakaa gizani kimya kwa dakika kama kumi ili macho yazoee. Kisha nikabonyeza swichi.

Babu hakuinama safari hii. Aliketi pale pale kitini. Baada ya muda akanyoosha kidole akaanza kuhesabu, polepole, kutoka mkono wa kushoto. Alifika tisa. Taa ni kumi na moja. Mbili za mwisho ziko upande wa jicho lililokwisha.

"Ile ya mlangoni," akasema, "nani aliikata utambi?"

"Ni mimi, babu."

"Umeikata sawa."

Meza iko ukumbini sasa. Betri kwa mkondo huu zinakaa zaidi ya saa 300. Jioni, kabla ya sisi kuwasha taa za umeme, babu hunyoosha mkono na kubonyeza swichi mwenyewe, na asubuhi ndiye anayezima.

Makala ya hifadhidata nitaileta wiki ijayo, safari hii naahidi kweli.